Ukuta mu Bato ya Mukwe Wangu

Siku ya Mungu, 7 julai 1974

Barua ya binti yangu Adolphine imefika, toka kisiwa ya Idjwi. Muuza samaki mumoja wa kule ameileta, inanuka samaki mupaka mu jina yangu. Nimeisoma mara tatu. Mimi masomo sikukanyaga hata siku moja, herufi nilizipata ku paroisse na miaka makumi tano, pamoja na katekisimu. Nasoma na kidole kama mutu anatafuta chawa. Basi hata kulia nililia pole pole, neno kwa neno.

Anasema tumbo imeshuka, haitapita mwisho wa mwezi. Mama ya bwana wake anamuchunga muzuri kule. Lakini watoto wawili wa kwanza walikufa mimi sikuwa pale. Huyu wa tatu anataka nikuwe pale. «Maman, usipokuja, sitasukuma.» Mupumbafu! Kama vile yeye njo anaamua.

Bato kubwa ya Idjwi, ile inavukishaka watu ziwa, haiendi tena, mazutu ya mashini hakuna. Barabara ya Miti, ya kuzunguka ziwa mupaka ku mitumbwi, hata kamyo moja haipite. Nikamuita mukwe wangu Venant, bwana wa Adolphine, menuisier, fundi wa mbao. (Ku kazi ana jina ya kizaire, na ni citoyen, sababu serikali imekataza majina ya kikristo. Kwangu ni Venant. Waje wanifunge.) Alisimama ku mulango, macho chini, vile mukwe anasimamaka. Akasema: Maman, kuko ile bato ya muzungu wa kahawa. Inaenda na upepo. Upepo haiombake mazutu.

Nikasema sawa. Kisha nikasema: mbele niikague.

Nani anakaguaka nyumba za mabibi-arusi mu hii kartie? Mimi. Hakuna binti wa kwetu aliingia kwa bwana mbele sijapima mulango na kugonga ukuta.

Ziwa naiona kila asubui toka miaka makumi sita. Kuikanyaga, bado. Hiyo sikuisema.

Siku ya kwanza, 8 julai

Tumeenda kukagua, kule chini Ibanda, ku maji. Jirani yangu Eulalie alikuja pia. Alisema ni kwa kunishika mukono. Alikuja kucheka!

Muzungu alirudi Bulaya mwaka jana, wakati shamba yake ilipewa wengine. Bato hakuna aliyeitaka, sababu haikamuliwe na haizae. Ikabaki mu mikono ya Venant, alikuwa anaitengenezaka. Urefu: hatua zangu kumi na moja, na niko mufupi. Chini ya maji iko na tumbo ya chuma. Venant anasema njo inakataza ipinduke. Eulalie: «Mama Adolphine, basi wewe na yeye mutaelewana. Hata wewe, tumbo yako njo inakusimamisha.»

Sasa nyumba yenyewe. Mulango: unaingia kinyume-nyume, matako mbele, kama mutu anaingia mu kibanda ya kuku. Niligonga kichwa. Kutoka, niligonga tena.

Jiko iko papo ku mulango, moto mbili za petroli. Moshi inamusalimia mugeni mbele yako. Na ile jiko inaning'inia, inacheza kama mutoto mu mugongo ya yaya mubaya. Venant anasema ni kusudi, bato ikiinama sufuria inabaki sawa. Nikatia sufuria ya maji juu, nikasukuma jiko kwa nguvu. Maji haikumwangika. Sikumupa ile furaha ya kuona nimeshangaa.

Meza inashuka, inakuwa kitanda. Watu watakula juu ya shuka! Vitanda vingine, unaingiza miguu ndani ya shimo chini ya kiti, kama umejizika nusu. Na choo—choo iko karibu na kichwa ya mwenye kulala mbele. Muzungu na masomo yake yote!

Ya kweli niandike pia. Makabati. Chini ya kitanda, nyuma ya mugongo, pembeni ya ngazi. Kila kikombe na ndoano yake. Kwangu vikombe viko mu beseni. Hapo nilipitisha kidole ku kila ndoano, Eulalie akaniangalia kama nagonjwa.

Kisha nikauliza: mukwe analala wapi?

Venant akaangalia viatu vyake. Chumba ni kimoja.

Kimoja! Mimi ambaye hata kula sijakula mbele yake. Nikasema: ukuta. Akasema: Maman, mahali iko kidogo, na giza itaingia. Nikasema: ukuta. Na mulango.

Siku ya pili, 9 julai

Ku soko wananiita Maman Kapiteni. Eulalie, mudomo yake haina kifuniko.

Siku ya ine, 11 julai

Venant anatoka ku kazi, anashuka ku maji, anajenga ukuta ya tripleksi, ile mbao nyembamba, mupaka jua inaingia. Nikaenda kuangalia. Kuko ufa, kidole yangu inapita. Nikamuonyesha. Akabomoa, akaanza tena. Alikula viazi nilimupelekea, akiangalia upande ingine, na mimi naangalia upande ingine. Mutu akitupita angefikiri tumegombana.

Siku ya posho, 13 julai

Asubui salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wote ku barabara na mafagio, citoyens na citoyennes. Nilifagia mahali moja mupaka chef akaniuliza kama nachimba dhahabu.

Ukuta imeisha. Nimegonga: iko nguvu. Nimepima na kidole: hapana ufa. Mulango inafunga. Nikatafuta, nikatafuta. Nikasema matela ya kitanda inanuka muzungu. Venant akaianika. Nikasema basi ndani kuko giza sana, apake rangi nyeupe. (Giza ni ya ukuta. Ukuta ni yangu.) Akasema: ndiyo Maman. Sauti yake haikuwa ya ndiyo.

Mu kupanda, Eulalie akaniuliza: «Mama Adolphine, unatafuta nini mu ile bato?» Nikasema: kasoro. «Na ukiikosa?»

Nikamuambia atangulie, magoti yananiuma. Magoti hayakuwa yananiuma.

Siku ya pili, 16 julai

Muuza samaki amerudi. Adolphine anashikwa na maumivu toka siku ya Mungu. Inakuja, inaenda. Anauliza ku kila mutumbwi kama mama yake iko ndani.

Siku tisa. Nimekula siku tisa!

Niandike yenyewe basi, hapa hakuna mutu. Naogopa maji. Ukuta haikuwa ya heshima. Heshima ilikuwemo, lakini ndogo, kama chumvi. Ingine yote ni woga, mwenye kujifunika kitenge ya mama-mukwe. Mutoto anabeba uchungu wake kule, mimi niko napima nyufa na kidole. Muzee mujinga! Mukaguzi!

Nilishuka kwa Venant mbio, na kandambili moja. Nikasema: kesho asubui, jua ikitoka.

«Na rangi, Maman?»

Rangi imekuwa muzuri, nikasema.

Hajaipaka bado.

Siku ya tatu, 17 julai

Naandika bato ikiwa imesimama.

Tumeondoka na jua. Eulalie alikuja na mukate na ndizi, akataka kunichekesha, akalia. Wakati ile kitambaa kubwa ilishika upepo, bato yote ikalala upande. Nikapiga kelele: Venant, inaanguka! Akasema: hapana Maman, njo inatembeaka vile. Nilifunga mulango ya ukuta yangu, nikashika rozari. Nilisali kwa watakatifu wote, hata wale siwapendi sana.

Jua ikiwa juu kabisa, miguu ikasikia baridi. Maji! Ndani! Na kwa inje sauti yake, pole kabisa: «Maman, samahani. Chini ya kitanda yenu kuko kifuniko. Muangalie.»

Nikaangalia. Kuko maji. Ingia utoe, nikasema.

«Maman… ni kwenu kule.»

Heshima yangu! Na mulango! Basi nikatoa mwenyewe na sufuria, namwanga ku dirisha, yeye hawezi kuacha usukani. Sufuria makumi ine na kitu. Hapo katikati nikasahau kuogopa, sikupata nafasi. Nikamuuliza: hii maji inatoka wapi? Akasema ni kidogo. Nikamuuliza tena. Mara ya tatu akasema: ni vis moja ya ukuta, ile musumari ya kuzungusha, Maman. Ilipita mbali kidogo.

Nilicheka mupaka nikaketi ndani ya maji. Nilipasua ncha ya kitenge, yeye ananisemeza kutoka inje vile ya kuisukuma mu tundu na kisu. Imeshika.

Sasa upepo imepunguka, tumefunga bato ku muti mu kona moja ya inchi kavu. Nimemuambia alale ndani, upande ingine wa ukuta, njo tuliijengea. Anasema iko sawa inje. Anatazama upande wa Idjwi.

Siku ya ine, 18 julai

Asubui upepo kidogo, kisha hapana kabisa. Nimeketi inje, karibu na usukani. Maji pande zote na mimi niko naandika. Adolphine hatasadiki.

Idjwi iko papa hapa! Naona migomba. Naona mahali mitumbwi ya kwao Venant inafikiaka. Kuko wanamuke. Wengi, kumi, zaidi ya kumi. Wamesimama pamoja karibu na maji. Saa tatu ya asubui, siku ya kazi, majembe iko wapi?

Sioni kama wanapiga makofi ao wanashika vichwa. Macho yangu ni ya zamani. Nimemuuliza Venant: wako nafanya nini?

«Sioni muzuri, Maman.»

Mutu wa miaka makumi tatu, anaonaka musumari imeanguka mu majani!

Alikuwa anapiga kafi kwa nguvu. Kisha pole. Kisha ameilaza juu ya magoti. Anasema kamba moja kule juu imekaa mubaya, heri aitengeneze mbele. Amesimama, hakuigusa, ameketi. Anasema tumwange maji ndani. Maji hakuna. Anasema: «Maman, tungoje upepo. Upepo itakuja.»

Nimemuangalia mu macho, kitu sijafanya toka alimuoa Adolphine. Naye hakuangalia chini. Midomo yake imekauka.

Siku tisa alinivumilia, hakuniambia neno moja. Na mimi simuambii.

Kuko kafi ya pili, chini ya kiti. Nimeitoa, iko nzito kuliko mwiko ya bugali. Nimemuuliza: upande gani, mutoto yangu?

Ananionyesha na kidevu. Daftari naitia mu kifua, chini ya kitenge.