Wanajadili, Mimi Niko Nje

Jumatatu, 4 Machi
Nimekubali! Daktari wa utafiti kapiga simu saluni, mikono yangu imejaa povu, kichwa cha mteja kwenye sinki. Wanatafuta watu waliowahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Si kuhojiwa – kuhoji! Na kutunga maswali. Dada hakufurahi. Eti mawifi zake wameshasahau kuwa niliumwa, mimi naenda kuwakumbusha.

Alhamisi, 7 Machi
Kikao cha kwanza. Tulioumwa tuko wawili: mimi na dereva wa lori wanayemwita Mrefu. Swali moja liliuliza kama mgonjwa "ameikubali hali yake". Nikasema mimi wodini nilikubali ili niruhusiwe tu. Mrefu akacheka mpaka akakohoa. Tukabishana hadi chai ikapoa. Swali likafutwa.

Jumapili, 10 Machi
Usingizi hauji. Nimefua mapazia. Yote, hata yaliyo safi. Dada kanitazama, kisha kaenda kuhesabu vidonge vyangu. Dawa nakunywa, sijaruka. Labda ni furaha ya kazi tu.
Lakini ile mara niliyolazwa nayo ilianza kama furaha.

Jumanne, 12 Machi
Leo nimemhoji mwalimu wa chekechea. Aliumwa, akapona, akarudi kazini. Sasa anaona dalili tena na hajamwambia mtu. Akisema, watoto watapewa mwalimu mwingine. Akaniuliza, wewe ungesema? Nikajibu haraka: ningesema.
Mdomo mwepesi! Na mimi mwenyewe sijamwambia mtu.

Jumatano, 13 Machi
Nimesema. Mbele ya wote, hata viti hawajavuta: usingizi umenikimbia, kesho naenda kliniki, ila kazi bado naitaka. Mrefu akaniambia pole dada, umefanya la maana. Daktari akavua miwani. Kwa upole – upole uleule wa wodini! – akaniomba nisubiri nje kidogo, wajadili "kwa faida yangu". Mrefu akapinga: kama ni habari zake, abaki. Mimi nikatoka. Mwenyewe! Miguu imezoea kutii.

Niko kwenye benchi, koridoni. Sauti ya Mrefu inapanda. Jina langu linatajwa, linatajwa tena. Daktari anasema "hatari". Mwingine anasema "apumzike kabisa". Nani kaniuliza?
Mlango wameurudishia tu, haukufungwa.
Nibishe hodi? Hodi anabisha mgeni. Mimi humu si mgeni.
Nainuka.