Gogo Hili Mpe Baba

Ediofe, Arua
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu Mama Furaha,

Pokea salamu zangu kabla hujasoma lolote, maana nakujua, macho yako yatakimbilia chini kutafuta habari moja tu. Tulia kwanza. Hujambo? Kikohozi cha Furaha kimekwisha? Na mguu wa baba unamwacha alale? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, sukari ya huku imekuwa adimu na chai nainywa kavu na muhogo, lakini njaa sina.

Haya, siwezi kuficha. Nimepata pamiti. Pamiti ya kuendesha malori makubwa, yenye jina langu na muhuri. Nimeikunjua na kuikunja mara nyingi mpaka mwenye nyumba wangu ameniuliza kama ni barua ya mwanamke. Nikamwambia ni ya mwanamke kweli, ni ya mke wangu, kwa sababu bila hiyo simpati.

Unakumbuka maneno ya baba yako siku ile nilipokuja Bunia kukuchukua, mbele ya shangazi zako wote. "Binti yangu hatavuka mpaka kumfuata mwanaume anayekimbia nyuma ya lori na gogo mkononi. Siku atakaposhika usukani, aje." Niliaga kwa heshima, mkwe hajibiwi. Lakini niliumia, Mama Furaha, nakuambia leo. Niliumia kwa sababu alisema kweli. Miaka tisa nimekuwa taniboi. Kupakia, kushusha, kulala juu ya magunia, na lori likisimama mlimani, kuruka na gogo kulitia chini ya tairi la nyuma kabla halijaanza kurudi. Breki za mkono za malori haya ni za kuombea dua. Anayelizuia lori ni taniboi.

Sasa sikia. Dereva wetu aliacha kazi, akarudi kwao Ajia kulima. Hajati, yule mama mfanyabiashara wa Koboko mwenye lori letu, akaniita. Akasema, "Bonifasi, wewe iko mutu ya kuamini. Ukipata pamiti mara ya kwanza, lori iko yako ya kuendesha. Ukianguka, mutoto ya dada yangu iko nangoja." Mara ya kwanza, umesikia? Hakuna ya pili. Basi akaniweka mikononi mwa Afande Juma, mzee wa Koboko aliyeendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu.

Huyo mzee hapigi kelele, na hilo ndilo baya lake. Siku ya kwanza tulitundika kile kibao chekundu cha mwanafunzi mbele na nyuma, nikatoka na lori uani kwa Hajati, nikaenda moja kwa moja kushika upande wa kulia wa barabara kama kwetu. Mbele yangu lori la tumbaku linakuja. Afande akaushika usukani kwa mkono mmoja, akaurudisha kushoto polepole kama mtu anayefunga dirisha. Tulipopishana akasema, "Huku si Kongo. Mimi nataka kufa nyumbani." Kisha akachana kitambaa chekundu, akanifunga mkono wa kushoto. "Barabara yako iko huku. Lala nayo."

Nikalala nacho. Hata kanisani nilikwenda nacho, mama mmoja akaniuliza kwa kunong'ona kama nimeanza kwenda kwa waganga. Kila siku tulikwenda na kurudi, Arua na Koboko, Koboko na Arua, vumbi mpaka kwenye meno. Gia za lori hazitaki nguvu. Unakanyaga klachi, unaiachia, unasikiliza injini, unakanyaga tena, ndipo gia inaingia. Mimi nilikuwa nasukuma tu, linanguruma kama nimelikosea adabu. Afande ananiuliza, "Injini iko nasema na wewe. Wewe iko nasema na nani?" Nilikuwa nasema na wewe, Mama Furaha, lakini hayo sikumwambia.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Inspekta ni mtu mnene, mpole, ana kalamu mbili mfukoni. Afande akabaki chini kwa sababu ndiyo sheria, Inspekta akakaa kando yangu. Mjini nilipita vizuri. Nikapiga kona vizuri, nikapisha ng'ombe vizuri. Tukaingia kwenye kilima, katikati kabisa ya mwinuko, akasema, "Simama hapa."

Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono. Na mke wangu, sijui nikuambieje, nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya lori, gogo tayari liko chini ya tairi. Miguu ilikwenda yenyewe. Miaka tisa, ikisemwa simama mlimani, mimi huruka.

Nikasikia sauti juu. "Dereva iko wapi?"

"Iko hapa chini, bwana."

"Na nani iko nashika lori?"

Wanawake waliokuwa wanapita na mihogo kichwani wakaketi kando ya njia wacheke vizuri. Mimi sikucheka. Nilikuona wewe pale Bunia, na baba anatikisa kichwa. Nikajua nimekupoteza kwa kipande cha mti.

Inspekta akateremka taratibu. Akaliangalia tairi, akaniangalia mimi. "Ulikuwa taniboi miaka ngapi?" Nikasema tisa. Akaniambia nipande nikanyage breki, ndipo akalivuta gogo, akapanda nalo, akaliweka mapajani mwake kama mtoto. "Mimi nakaa na hii. Sasa onyesha mimi dereva. Lori ikirudi nyuma hata kidogo, tunakwenda nyumbani."

Nikakanyaga klachi. Nikaingiza gia ya kwanza. Nikafumba macho kidogo, nikasikiliza kama Afande alivyonifundisha. Injini ikashuka sauti, ikawa nzito. Nikasema moyoni, sasa. Nikaiachia breki. Lori halikurudi nyuma hata kidogo, Mama Furaha. Lilipanda. Wale wanawake wakapiga vigelegele.

Kule juu Inspekta aliandika kwa muda mrefu sana, halafu akanirudishia gogo. "Hii si kazi yako tena," akasema. Nililia pale pale kwenye usukani, sioni haya kukuambia. Tuliporudi, Afande aliponiona bado nalia alidhani nimeanguka, akaanza kunifariji kwa Kiarabu.

Barua hii anakuletea mama wa kwetu anayeuza vitenge hapa sokoni, anapita Vurra, pale mpakani, kesho. Ana pia kifurushi cha gunia. Ndani ni lile gogo. Mpe baba kwa mikono miwili, kwa heshima, usicheke. Mwambie mkwe wake amesema hana mahali pa kuliweka tena, mama alitie motoni apikie chai.

Msalimie mama mkwe, na shangazi yako mdogo aliyenisindikiza mpaka njiani siku ile wengine wamenyamaza, na kaka yako fundi wa baiskeli. Furaha mbusu mashavu yote mawili.

Alhamisi ijayo natoka na chumvi na sabuni, Jumamosi niko Bunia. Fungasha. Hutapanda juu ya magunia. Na umweleze baba mapema, asije akashtuka mbele ya watu. Lori la huku usukani wake uko kulia. Nyinyi huko mmezoea kumtafuta dereva kushoto. Basi siku tutakapoondoka, akitazama kushoto, mahali pa dereva, atakuona umekaa wewe.

Mume wako,
Bonifasi, dereva