Kibao cha Honi Kabla ya Stesheni ya Dodoma

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini nikikuandikia bila shikamoo mkono utagoma.

Niko dukani Makole, kwenye kile kiti chako mbele ya kompyuta. Bunge halina kikao, wateja wa kutoa kopi wamekauka, na Jitesh, mwenzangu wa hapa dukani, amempeleka mama yake sokoni. Nilimsubiri aondoke kwanza, kwa sababu barua hii inamhusu yeye na sikutaka anisome usoni.

Baba, nina wivu. Nimeona nikuambie mapema. Siku ya maziko yako, wazee wenzako wa reli walimpa Jitesh mkono wa pole kabla yangu. Analia kwa sauti, kijana mzima, kamasi zinamtoka, na mimi binti yako wa kukuzaa nimesimama pale macho makavu. Mzee mmoja akamshika bega: "Jikaze kijana, kufiwa na baba si jambo dogo." Baba gani? Baba yake alikuwa amesimama palepale pembeni, mzima wa afya, ameshika mwavuli!

Na nani alikuleta kwenye mchezo huu wa treni wa kompyuta? Si mimi? Walipokupunguza kazini, ulikuwa unashinda nyumbani unasikiliza treni za wenzako zikipita, unatazama saa ya ukutani na kulalamika kwamba zimechelewa. Nilishindwa kukutazama hivyo. Kwenye sidii ambazo binamu yake Jitesh alituma kutoka Uingereza nikaona ipo moja ya kuendesha treni, nikasema huyu mzee wangu namleta dukani.

Ulikuja Jumamosi mchana, umevaa koti na kofia ya kazi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na milima na theluji. Nikakuonyesha kitufe cha kuondoka, ukabaki umeweka mikono mapajani.

"Nani kanipa njia?"

Nilicheka, wewe hukucheka. Ukanieleza kwamba reli yetu ni njia moja, ya kwenda na kurudi, na dereva haondoki mpaka stesheni masta amkabidhi ruhusa mkononi, hata kama mbele anaona kweupe mpaka mwisho wa macho. Basi nikachukua funguo za duka, zile zilizofungwa kwenye pete kubwa ya waya, nikasimama kulia kwako na kuziinua juu. Ukanyoosha mkono bila kutazama, ukazidaka, ukaziweka kando ya kibodi. "Haya, twende."

Toka siku hiyo nikawa stesheni masta wako. Hujui ilivyonifurahisha. Utoto wangu wote treni ndiyo ilikuwa ikikuchukua, na sasa naiondoa mimi, na chai haijapoa umesharudi.

Kisha akaingia Jitesh. Kipya kinyemi. Alianza kwa kupitapita nyuma ya kiti, halafu akasema kwenye intaneti kuna watu wanaotengeneza njia nyingine na vichwa vingine vya treni, wanavigawa bure, unaviongeza kwenye mchezo. Kichwa kimoja kilikula asubuhi nzima kushuka, na mtu akiinua simu ya duka tu, intaneti inakatika, mnaanza upya. Mlipata njia za jangwani, mkapata za Ulaya kwenye madaraja marefu. Siku moja akapata kichwa cha dizeli cha kule India, pacha wa kile ulichoendesha wewe. Injini iliponguruma kwenye spika, ulivua kofia.

Kwa treni zangu za theluji hukuwahi kuvua kofia. Niliona, Baba. Roho iliniuma, nikaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Baada ya hapo mimi nikawa wa chai. Nyie wawili mkaanza kuijenga njia yetu wenyewe, Bahi mpaka Dodoma kupitia Zuzu, ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameitengeneza. Yeye anachora, wewe unamwambia hapa mteremko, hapa kalavati la kupitisha maji, hapa punguza, ng'ombe huvuka. Migunga ya kwetu haikupatikana, na mchezo ukikosa mti ulioandikwa kwenye ramani, njia nzima inakataa kufunguka, kwa hiyo akapanda misonobari ya Ulaya. Ulicheka mpaka ukakohoa: "Leo Zuzu kuna baridi!"

Jumamosi moja natoka kumhudumia mteja, namkuta Jitesh amesimama kulia kwako, ameinua funguo. Ukanyoosha mkono, ukazidaka. Hukugeuka hata kuangalia ni mkono wa nani.

Nyumbani nikakuuliza mnazungumza nini siku nzima. "Mambo ya njia tu." Mambo ya njia! Mimi nilipokuwa mdogo nikikuuliza unaona nini huko mpaka Tabora, ulinijibu neno moja: "Vichaka." Yeye umempa mpaka makalavati.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jitesh ameimaliza ile njia. Anataka kuiweka kwenye intaneti watu waichukue, ina jina lako na lake. Akaniomba niipitie kwanza kwa sababu nimekulia kando ya reli. Nilikubali haraka, na si kwa wema. Nilikuwa natafuta kosa lake.

Nikatoka Bahi, nikapita Kigwe, nikapita Zuzu na misonobari yake. Kila kitu kiko mahali pake, na hilo lilizidi kuniudhi. Halafu, kabla tu ya kuingia Dodoma, nikaona kibao kando ya reli kinachoamuru dereva apige honi. Pale hakuna kivuko wala njia ya miguu. Pale kuna nyumba yetu ya zamani yenye ua wa minyaa, basi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikamwita kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Jitesh, njoo. Hapa umekosea. Hapa hakuna kivuko."

Akatazama. "Si mimi, dada Edina. Mzee ndiye aliyesema niweke. Honi mbili, fupi halafu ndefu. Nikamwuliza, kuna kivuko? Akasema hapana, kuna mtu."

Nikamwambia nimeitwa na mteja. Nilikwenda nyuma, kwenye maboksi ya karatasi, nikasimama huko.

Honi ile naijua, Baba. Fupi, ndefu. Mama alikuwa akiisikia anamimina maji yako ya kuoga kwenye ndoo, na mimi natoka mbio mpaka kwenye minyaa, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui kiko wapi. Nilidhani treni zote hupiga honi pale. Nilidhani ni sheria ya reli. Hukuniambia. Mtu mwenyewe ni mimi, na habari zangu nimezipata kwa Jitesh!

Unafikiri wivu uliisha? Uliongezeka. Sasa nawaonea wivu hata watu nisiowajua. Mjerumani mmoja huko, na kahawa yake mkononi, apite mbele ya nyumba yetu akinipigia honi yangu? Hapana. Nimemwambia Jitesh akiondoe kibao kwenye ile ya kuwapa watu. Misonobari wachukue, makalavati wachukue, jina lako liwepo, na la kwake lifuate, maana kazi ameifanya. Nilimshukuru pia. Kwa shida, lakini nilimshukuru. Kibao kibaki kwenye kompyuta hii tu.

Hakuuliza kwa nini. Alikiondoa, kisha akachukua funguo za duka na kuziweka mbele yangu. Labda ndiyo maana ulimpenda.

Nakuahidi hivi: kila Jumamosi kazi zikiisha nitaileta treni kutoka Bahi, na nikifika kwenye minyaa nitapiga fupi, nitapiga ndefu. Jitesh anaweza kusimama kulia akanipa njia, nimekubali. Honi hagusi.

Makaburini sikulia kwa sababu sikuwa tayari uondoke. Nilikuwa bado nimeshika ruhusa yako mkononi. Leo nimeinuka, nimesimama kulia kwa kiti chako, nimeinua funguo, na haya machozi sasa yanatoka yenyewe, nayaacha.

Njia nyeupe, Baba. Nyoosha mkono. Usigeuke kuangalia ni wa nani. Huu ni wangu.

Binti yako,
Edina