Nyota Tatu za Wifi Yangu

Jumapili, katikati ya Julai. Manyunyu hayajakatika tangu alfajiri, Meru yote imejifunika ukungu, na mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya bucha nikiwa na sweta mbili na roho mbaya moja.

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna anayenijua kwa sura. Namwonea wivu mke wa kaka yangu.

Anaitwa Rukia. Ni mtu wa Embu, aliolewa na kaka yangu Swaleh miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo sijapata amani. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mvivu, au mchoyo, au mwenye ulimi mchafu, ningekuwa na pa kushika. Kila siku saa nne ananiletea chai hapa buchani, imetiwa tangawizi kiasi kile kile ninachopenda, nami naitafutia kasoro mpaka chini ya kikombe.

Kikundi chetu cha akina mama hapa mjini huimba kaswida na nyimbo za harusi. Mimi ndiye mpigaji wa kwanza wa dufu, huu mwaka wa kumi na mbili. Wenzangu wanane wanafuata mkono wangu. Nikikosea wanakosea, nikikoleza wanakoleza. Sikusoma sana, sikujaliwa sauti, na hapa kazini nakaa tu kupokea malipo ya nyama. Lakini nikishika dufu wanawake hunyamaza wakaningoja, na hakuna mahali pengine ninapongojwa.

Dufu langu alinitengenezea marehemu baba, yeye aliyeanzisha bucha hii. Ni la ngozi ya mbuzi. Aliikwangua mwenyewe, akaiwamba kwenye mbao, akaigongelea misumari midogo midogo. Ngozi ikiingiwa na baridi ya huku kwetu hulegea, kwa hiyo kabla ya kupiga lazima uipashe moto juu ya jiko kwa dakika chache, ukiizungusha kama chapati. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka tisa.

Hilo la jiko nililisahau.

Mwezi wa tano Rukia alikuja mazoezini na dufu jipya alilonunua mtandaoni. Uso wake ni wa plastiki nyeupe, na pembeni lina skrubu za kukazia. Halihitaji jiko. Sauti yake ni kavu na safi, inatoka mara moja bila kubembelezwa. Akina mama wakalipokezana kama mtoto mchanga. Bi Zuhura, kiongozi wetu, alilipiga mara tatu, akanitazama, akasema tutaona. Baadaye akaeleza maana ya tutaona yake: tukishatoka kwenye harusi ya mdogo wake Rukia huko Embu, ataamua nani atapiga la kwanza kwenye Maulidi, mimi au Rukia.

Chakula kilinishinda wiki nzima.

Ningeweza kumwuliza Rukia amenunua kwa nani na anashauri lipi. Ningekufa kwanza. Niliingia mwenyewe kwenye soko lile la mtandaoni, nikatafuta dufu lenye nyota nyingi kuliko lake. Lake lilikuwa na nyota nne. Nikapata moja lenye nyota karibu tano, la ngozi halisi, mbao zimenakshiwa, skrubu zinang'aa kama dhahabu. Maelezo ya muuzaji yalisema ukikaza skrubu, basi, huna kazi nyingine. Nikamwona Rukia akilini, amekaa pembeni yangu na kale kaplastiki kake, nikatabasamu peke yangu mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri kilo yake ya mbavu.

Maoni ya wanunuzi niliyasoma yote, isije ikasemwa sikusoma. Mmoja aliandika: mzigo umefika salama, Mungu awabariki, nyota tano. Mwingine: aliyeniletea ana adabu sana. Mwingine: rangi ni ile ile ya kwenye picha. Kuna aliyesema amemnunulia mjomba wake na bado hawajaonana, ila ana imani, nyota tano. Kuna wa Malindi aliyeweka picha ya dufu juu ya mkeka, jua limewaka mpaka kioo cha simu kikaniumiza macho, akasema linalia kama kengele. Huyo nilimsoma mara tatu.

Leo nikiwakumbuka naona kwamba katika wote hao ni yule wa Malindi tu aliyewahi kulipiga.

Na kulikuwa na mmoja aliyetoa nyota tatu. Aliandika hivi: "Sauti ni nzuri ukiwa mahali pa joto. Huku kwetu baridi ikiingia ngozi inalegea na skrubu hazisaidii. Uwe na jiko karibu, na upige kwenye ukingo, si katikati. Nawasilisha." Chini yake: R., Embu.

Nilimjua kabla sijafika kwenye jina. Hakuna mwingine katika mlima huu anayemaliza maneno yake hivyo. Kabla hajaolewa Rukia alikuwa katibu wa chama fulani huko kwao, na mpaka leo akituandikia kwenye kikundi kwamba sukari ya mkutano imeisha, lazima aweke Nawasilisha.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, kumbe Rukia aliwahi kuwa na dufu hili? Angemwuliza, au angemwamini. Mimi nikasema moyoni, ahaa, hataki mwingine alipate. Chini ya kila maoni pana swali kama yamekusaidia au la. Nikabonyeza hapana. Halafu nikanunua.

Nililinunua kwa sababu yeye alisema lina kasoro. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku lilipoletwa palikuwa na jua, lile jua la Meru la siku moja kati ya kumi, na dufu likalia vizuri ajabu. Sikulipeleka mazoezini. Nililificha kabatini chini ya madera yangu, maana nilitaka kulitoa Embu, mbele ya watu wa kwao. Lile la baba nikaliacha kwenye msumari wake ukutani.

Jana ndiyo ilikuwa harusi. Tulifika Embu manyunyu yakiwa mazito, turubai la wanawake linavuja pembeni, na kila tulichokishika kina unyevu. Tukakaa kwenye mikeka, nikafungua khanga, nikalitoa dufu langu. Wanawake wakasema mashallah. Bi Zuhura akainua nyusi. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kaunti ile.

Nikalijaribu. Likatoa sauti ya mtu anayepiga godoro.

Nikakaza skrubu. Likatoa sauti ya godoro lililokazwa.

Mlangoni walikuwa wameanza kumtoa bibi harusi, vigelegele vimeshaanza, na wale wenzangu wanane wameinua mikono wananitazama. Nilitamani turubai lituangukie sote, niwe na kisingizio. Hapo nikahisi kitu kimewekwa mapajani mwangu. Lilikuwa dufu la Rukia, na mkono wake mwingine ulikuwa umeshashika langu.

"Wifi, shika hii yangu," akasema polepole. "Hiyo nipatie mimi. Naijua. Nilikuwa na hiyo hiyo nikiwa bado huku kwetu, nikarudisha."

"Sasa wewe utapiga aje?"

"Huku kwa ukingo. Wewe anza tu, tunakungoja."

Nikaanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulishika dufu lile, na sitadanganya, liliitikia kila kidole. Nilipiga kama sijawahi kupiga. Wazee wa kike wa Embu walisimama na fimbo zao wakayumba, bibi harusi akasahau kuinamisha macho. Pembeni yangu Rukia alikuwa akigonga ukingo wa dufu langu lililokufa, tena kwenye harusi ya mdogo wake, mbele ya mama yake na shangazi zake, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu anayegonga katoni.

Tulipomaliza Bi Zuhura hakungoja hata tukunje mikeka. Alisema mbele ya wote, "Kwa Maulidi ni wewe, Mama Idi. Hiyo imeisha. Rukia leo mkono ulikuwa mzito."

Rukia akacheka kidogo, akasema ni kweli, leo ameshindwa. Kisha akainuka kwenda kugawa pilau.

Nikala pilau, nikaongeza sahani ya pili.

Leo saa nne amekuja na chai kama kawaida. Kwa mkono mwingine alikuwa amebeba dufu langu limefungwa kwenye khanga. Alikuwa ameliweka karibu na jiko tangu jana walipofika nyumbani. Akaniambia sasa linalia, ila nikitoka nalo nje litalala tena, nisilikasirikie. Hakuuliza kwa nini nilinunua, wala kama niliona maoni yake. Akauliza kama tangawizi imezidi.

Nilimwambia imezidi. Haikuwa imezidi.

Ningependa kuandika kwamba wivu umeniisha, maana ndivyo watu huandika kwenye shajara zao. Umeongezeka. Zamani nilimwonea wivu wa dufu. Sasa namwonea wivu wa kuweza kumpa mtu dufu lake siku kama ile, na kutokisema kitendo hicho hata kwa jicho. Mimi nisingempa. Ningemwacha apige godoro lake, kisha ningempa pole kwa sauti ya juu.

Alipoondoka nilifungua lile soko la mtandaoni. Maoni ya R. wa Embu bado yapo chini kabisa, hakuna aliyeyajali. Nikageuza ile hapana yangu kuwa ndiyo. Sasa pameandikwa kwamba mtu mmoja amesaidiwa na maoni haya. Si kweli. Alijaribu kunisaidia, nikakataa. Nikaandika na yangu, nyota tatu, nikisema anayeishi kwenye baridi amsikilize yule wa Embu, wengine wote walisifu kifurushi.

Hiyo ilikuwa rahisi. Wanaonunua madufu mtandaoni hawanijui.

Ngumu ilikuwa ile nyingine. Nimekaa na simu mkononi, nikapokea malipo ya watu watatu, nikarudi kwenye simu. Niliwaza Maulidi, wanawake wote wa mji wamekaa, kimya, wananingoja. Nikaona kwamba watakuwa wananingoja mimi, na nafasi hiyo nimepewa na mkono wa Rukia. Basi nikaandika kwenye kikundi, na sikujipa nafasi ya kusoma tena:

"Assalaam alaykum. Dufu mlilolisikia jana likilia ni la Rukia. Lililokuwa mikononi mwake ni langu, lililegea kwa baridi, akanibadilishia ili nisiaibike. Nililinunua hali nimesoma onyo lake. Bi Zuhura, naomba uamuzi wa jana uutazame upya. Nawasilisha."

Lile neno la mwisho nililiweka makusudi, ajue kwamba nilimsoma.

Robo saa imepita. Wote wamesoma, hata Bi Zuhura, ambaye huwa anadai simu yake haina chaji. Hakuna aliyejibu. Chai imepoa na nje bado kunanyunya.

Sasa hivi naona kwenye simu kwamba Rukia anaandika. Anaandika, anaacha, anaandika tena. Sijui atasema nini, ila najua kitakuwa kizuri kuliko nilichoandika mimi.