Ringi ya Waya Niliyomjengea Mama Faraja

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, baridi imebaki, na Tunduma yote ni tope.

Naandika nimekalia ndoo ya grisi niliyoigeuza, ndani ya kibanda changu cha kazi, na kibanda kizima kinanuka plastiki iliyoungua. Umeme nimeuzima mwenyewe kwenye meni swichi na sina hamu ya kuuwasha. Nje malori yamepanga foleni kama kila siku, madereva wanapiga honi utadhani honi ndiyo inafungua mpaka. Leo zinaniudhi. Leo hata kuku akilia ananiudhi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Matela yaliyokatika chesi, mageti, viti vya kanisa, vyote napokea. Mke wangu, Mama Faraja, alikuwa anauza chai na chapati hatua chache tu kutoka mashine yangu ilipo. Sasa yuko Isongole kwa wazazi wake pamoja na mtoto wetu wa miaka minne. Hii ni wiki ya saba.

Nataka arudi. Sina shida nyingine duniani.

Aliondoka kwa sababu alipigwa shoti na waya wangu. Uwanja huu tunagawana na malori, na soketi iko upande wa pili, kwa hiyo waya wa mashine ulikuwa unalala chini kwenye tope, mita ishirini na kitu, ukikanyagwa na kila tairi lililoingia. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alikuwa ananiletea chai. Akakanyaga dimbwi, akashika tela nililokuwa nalichomelea kwa mkono wa kulia asije akateleza, umeme ukamshika hapo hapo. Hakupiga kelele. Alitetemeka tu, na kikombe bado kiko mkono wa kushoto, chai inamwagika kidogo kidogo. Nilikimbia nikang'oa waya kwenye soketi, akaanguka.

Alilazwa siku tatu. Vidole viwili vya mkono wa kulia mpaka leo havisikii moto wala baridi, na mkono huo ndio unaosukuma chapati.

Niliwaambia watu wote kwamba lori lilikanyaga waya asubuhi ile ile likauchana, mimi sikujua. Daktari nilimwambia hivyo. Wakwe zangu nao hivyo hivyo. Watu wakanipa pole. Pole nikapokea.

Alipotoka hospitali akafungasha. Akiwa ameshakaa kwenye gari la Isongole, mtoto kampakata, aliniambia kitu kimoja tu: "Baba Faraja, mimi kwenye ule waya sirudi."

Basi nikaapa waya hautagusa chini tena.

Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, nilikuwa nimemwona fundi mmoja ana ringi ya waya ya dukani. Inaning'inia juu, unavuta waya unaotaka, ukimaliza unavuta kidogo, unajirudisha wenyewe, trrrr, kama ulimi wa kinyonga. Ya dukani siiwezi. Lakini chuma mimi nakijua, nikasema nitatengeneza yangu.

Nilichukua ringi ya tairi la gari dogo iliyopinda, nikaikata na grenda, nikaichomelea sahani mbili pembeni ili waya usimwagike. Bering za mbele za pikipiki zikaingia katikati. Tabu ilikuwa springi. Ya kwanza nilitoa kwenye jenereta, ile inayorudisha kamba ya kuwashia: ilivuta waya nusu mita ikakata tamaa. Nikatoa za mikanda ya viti kwenye kichwa cha lori bovu, tatu kwa pamoja. Zikafyatuka, moja ikanichana kidevu. Mwishoni nikapata springi ya mlango wa duka, ile milango ya bati inayojiviringisha juu, na hiyo ikavuta mpaka nikacheka peke yangu. Ya kushika waya usirudi wenyewe nikatumia friwili ya baiskeli. Na ili waya usijisokote wakati ringi inazunguka, nikapitisha umeme kwenye kaboni za stata ya gari, zile zinazopeleka umeme kwenye kitu kinachozunguka.

Jirani zangu walinitania sana. Kila anayepita: "Fundi, hiyo ndege unairusha lini?" Nikawajibu nikirusha naanza na wao. Lakini moyoni sikuwa na utani. Nilikuwa nasahau kula. Nilikuwa naongea na ile springi kama mtu. Nilimtumia Mama Faraja picha, akaziona, hakujibu. Nikamtumia nyingine. Akaziona.

Halafu Jumatano kaka yake akanipigia. Kwa wakwe zangu, mke akishakimbilia kwao, hawamrudishi kwa maneno ya simu. Lazima ndugu aje aone kwa macho yake, akatoe taarifa nyumbani. Shemeji Anyosisye akasema atakuja Jumamosi.

Sijawahi kufagia uwanja huu. Jana nilifagia.

Shemeji amefika leo saa nne, kavaa shati jeupe, maana alikuwa anapitia na msibani. Kuna dereva Mzambia alikuwa ameleta tela limepasuka chesi, kazi nzuri ya kuonyesha. Nikawaweka wote wawili pembeni. Ringi ipo juu, kwenye boriti ya mbao, nimeipaka rangi ya bluu, na umeme unaifikia kwa waya uliopita juu kwa juu kutoka kwenye soketi. Nikavuta waya, ukaja laini. Nikauachia, ukarudi, trrrr. Dereva akapiga makofi. Shemeji akaitikia kwa kichwa kidogo, akatazama chini. Chini palikuwa peupe, hapana waya hata inchi moja.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Kwa sababu nilitaka aone chini peupe, nilivuta mita tatu tu, za kufika kwenye mashine. Zilizobaki zote, mita kama ishirini, niliziacha zimejiviringa juu kwenye ringi. Nikawasha mashine nikaweka moto mkubwa, fimbo nene ya kuchomelea, chesi ya tela siyo geti. Nikachoma karibu nusu saa bila kupumzika. Nilikuwa najionyesha, sitaki kusema uongo.

Yule fundi wa Nakonde, kila mara kabla ya kuchoma, hata kazi ya dakika mbili, alikuwa anautoa waya wote kwenye ringi mpaka mwisho, anaulaza ukutani. Mimi nilimcheka. Nilisema moyoni, huyu naye, ana ringi halafu anajitafutia kazi. Sasa najua. Waya ukipeleka umeme mwingi unapata joto, na ukiwa umejiviringa joto halina pa kutokea, mkunjo unaupika mkunjo mwenzake.

Dereva ndiye aliyeona. "Awe, fundi! Moshi!" Awe ni hapana ya kwao. Nikainua kofia ya kuchomea. Ringi yangu ya bluu inatoa moshi mweusi, plastiki inadondoka matone kama mshumaa. Na shemeji wangu, mtu mwema wa watu, amenyoosha mkono aivute chini aniokolee.

Nilimsukuma kwa mabega yote mawili, akaangukia nje kwenye tope na shati lake jeupe. Ndipo nikageukia meni swichi. Lakini kabla sijazima, mkono wangu wenyewe ulichukua testa ukaigusisha kwenye ringi. Mazoea ya fundi. Taa ya testa ikawaka.

Ringi nzima ilikuwa na umeme. Kwa sababu waya wa kijani, ule wa kupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, mimi niliukata. Huwa tunaukata, mafundi wengi hapa, tunasema hauna kazi, mashine inafanya kazi bila huo. Niliutumia kufungia boriti.

Nimekaribia kuua ndugu wawili wa tumbo moja. Kwa mikono yangu. Kwa kitu nilichojenga kwa upendo.

Shemeji alinyanyuka, akajifuta. Nilianza kumwomba radhi, nikamshika mkono. Akauacha mkono wake kwenye wangu kwa muda, kisha akautoa taratibu. "Shemeji," akasema, "nimeona." Basi. Akaenda stendi na tope mgongoni. Dereva naye akasogeza tela lake kwa fundi mwingine, hata kunitukana hakunitukana.

Niliketi hapa nikahesabu: gari likijaa, baada ya saa moja na kitu atakuwa nyumbani Isongole. Atasimama mbele ya wazee wote atasema alichokiona. Lori gani safari hii? Leo hakuna lori lililokanyaga waya.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu, na humu pia nimelizunguka.

Siku ile hakuna lori lililochana waya asubuhi. Waya ulikuwa umechubuka wiki nzima. Nilijua mahali hasa. Niliuzungushia kipande cha chubu ya baiskeli nikaendelea na kazi, kwa sababu kuubadilisha ni kusimamisha kazi siku nzima na wateja walikuwa wamepanga foleni. Na si hilo tu. Siku moja kabla, Mama Faraja aliniambia, "Baba Faraja, hapa ninapopita miguu inaniwasha, kama siafu." Mimi nikamjibu mbele ya wateja, "Nunua kandambili mpya, hizo zimeshatoboka." Wakacheka. Na yeye akacheka.

Anajua. Amejua siku zote. Alikaa kitandani hospitalini akinisikiliza nikimsimulia daktari habari za lori, akanyamaza. Wazazi wake walipokuja kumwona pale, alinisikia nikiwasimulia na wao, akatazama shuka. Hakunivua nguo mbele ya watu. Wiki saba ananisubiri niseme mwenyewe, mimi namtumia picha za springi!

Ee Mungu, mimi ni mtu wa namna gani?

Nikapiga simu kabla kaka yake hajafika. Ikaita mpaka karibu kukatika, akapokea. Sikumsalimia hata. Nilisema yote kama nilivyoyaandika hapa, waya, chubu, siafu, kandambili, lori la uongo, halafu ya leo, ringi, na kaka yake kwenye tope. Nilisema "nilijua" sijui mara ngapi. Nililia, na sioni aibu kuandika.

Nikamsikia anaiweka simu juu ya kitu, meza labda. Hakukata.

Nikabaki nasikiliza. Nilisikia mama mkwe anauliza chumvi iko wapi. Nilisikia mbuzi. Nilisikia Faraja anasema mambo yake, anahesabu kitu, moja, mbili, tatu, nne, sita. Mama yake akamwambia, "Tano." Sauti ya mama yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwenye mafua. Faraja akaanza upya. Nilikaa hivyo, simu sikioni, sithubutu hata kukohoa, mpaka salio likaisha.

Kwa nini hakukata? Nimejiuliza tangu hapo. Labda alisahau. Labda mkono ule haukuiona batani. Labda alitaka nisikie nyumba ilivyo bila mimi, na kwamba inaendelea vizuri tu.

Kuna sauti ndani yangu inanishawishi ningoje kidogo. Nitengeneze ringi nyingine kwanza, safari hii na waya wa kijani, niende na kitu cha kuonyesha. Sauti hiyo naifahamu, ndiyo iliyofunga chubu kwenye waya.

Kesho asubuhi napanda gari la kwanza la Isongole, mikono mitupu. Shemeji atakuwa ameshasema yake, na wazee watakuwa wamekaa. Nitasema mbele ya baba mkwe na mama mkwe yale niliyosema kwenye simu, na Mama Faraja akiwepo, ili asibebe tena uongo wangu peke yake. Najua wanaweza kunifukuza kabla sijakalishwa.

Wakinifukuza, wawe wanamfukuza mtu aliyesema kweli. Na Faraja akinikimbilia pale uani, sijui nitamwambia nini.