Ubeti wa Tatu Nilioufuta

Chumba cha nyuma,
Karakana ya Kunasa Sauti,
Jumapili, 16 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umelala, na kidonda cha upasuaji wa shingoni kimekauka. Pole sana. Najua kila anayekupigia anakuuliza hali, na wewe daktari amekukataza kuongea. Barua haikulazimishi kujibu. Halafu mimi mwenyewe unanijua: kwenye simu ni "ndiyo", "hapana", "salama", kisha nampa Mama.

Hapa tuko wazima, ila tumechoka. Mama anafanya zamu mbili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Akirudi anakaa kitini na viatu vyake miguuni kama mgeni, mpaka mmoja wetu amvue. Mimi nina mitihani, vyombo na karakana. Jana nilisinzia nikiwa nimesimama, mkono ndani ya beseni la maji, na maji yalikuwa ya baridi.

Masikio ya Baba yamezidi kuziba. Sijui amekueleza kiasi gani. Ile miaka yote ya kuvaa hedifoni na kurekodi harusi mbele ya spika zilizo juu kuliko yeye imekuja kudai chake. Watu bado wanamletea kanda zao za zamani azihamishie kwenye simu, na yeye bado anajua kazi kuliko wote, lakini sasa anafanya kazi kwa macho. Anatazama mishale ya mashine, na ananitazama mimi. Nikiinua kidole kimoja, kuna mvumo. Viwili, kanda inakokota. Dole gumba, iko safi. Fundi cherehani wa mlango wa pili anamtania kila siku: "Fundi wa sauti asiyesikia! Ni kama mimi nishone kwa kupapasa." Baba naye, siku akibahatika kusikia, humjibu, "Suruali zako tumeziona, hilo halihitaji kutangazwa."

Kwa hiyo ulipopiga simu mwezi uliopita, niliyeshika simu ni mimi. Mnong'ono wako Baba haupati kabisa. Uliniambia nimwambie kaka yako kwamba ile kanda uliyoimba ukiwa na miaka kumi na tisa hujawahi kuisikia hata mara moja, kwa sababu wiki ile ile uliolewa ukaondoka. Na kwamba sasa, kwa kuwa hutaimba tena, unataka ujisikie. Nilimpigia Baba kelele maneno yako moja baada ya jingine. Alipanda kwenye ngazi, akaitoa juu ya kabati, ndani ya kisanduku chake, safi kama imenunuliwa asubuhi.

Sasa Shangazi, nina jambo la kukuambia, na nimezunguka vya kutosha.

Hapa karakana tuna sheria moja kubwa kuliko zote. Kanda ya mtu ikiingia mlangoni, kwanza ing'olewe meno. Ni vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake. Ukishaving'oa, mashine haiwezi tena kurekodi juu yake, hata ukikosea kubonyeza. Nimeng'oa meno ya kanda za watu mpaka kidole kimeota sugu. Ya kwako sikuing'oa. Niliona haya kukivunja kitu chako. Niliiona nzuri mno, nikaiweka kwenye mashine hivyo hivyo.

Tuliisikiliza Jumatano mchana, mara moja tu, kuipima. Baba husikiliza kwanza, kisha husafisha mashine, kisha kesho yake ndipo huhamisha. Alikuwa ameweka viganja juu ya spika. Mimi nilikuwa tayari na vidole vyangu. Likaanza gitaa alilokupigia Baba siku ile, kisha wewe.

Shangazi, nilisahau kuwa nina vidole.

Fundi cherehani alikuja na maneno mdomoni kuhusu waya wa umeme anaotuazima. Akasimama mlangoni na mdomo wazi, futi ya kupimia shingoni, na yale maneno hakuyasema hata siku ya pili. Mama aliingia na mfuko wa vitunguu, akabaki nao mkononi. Hakuna aliyelia. Ilipoisha, Mama aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ni wifi yangu huyu?" kama vile hajawahi kukuona.

Shuleni walitupa insha siku hizo, tueleze kitu kilichotushangaza. Niliandika habari hiyo kwa lugha ya shule, nikapata alama nzuri na "hongera" pembeni. Niliposoma tena niliona ni mtu mwingine aliyesikia, mtu nadhifu, si mimi. Kwa hii lugha yetu nayo bado sijapata maneno, lakini angalau hapa nikikosa maneno nakosa kikweli.

Kesho yake, Alhamisi, Baba alikuwa ametoka kununua dawa ya kusafishia mashine. Nilikuwa peke yangu. Nina kanda yangu moja ambayo hakuna aliye na habari nayo. Huwa najirekodi nikiimba, kisha nafuta. Sijui kwa nini. Darasani hata kuomba ruhusa ya kutoka naomba kwa kidole. Nilitaka kujua tu kama ninaweza kwenda pale ulipokwenda. Nilidhani kanda iliyo kwenye mashine ni yangu. Nilibonyeza vitufe viwili pamoja ili irekodi, nikaimba ubeti wako wa tatu, kidogo kidogo, fundi cherehani asinisikie.

Nilipoirudisha nyuma ili nijisikilize, ulianza wewe. Kisha ukakatika. Kisha nikaja mimi.

Sekunde themanini. Nimezipima mara nyingi. Ni ubeti mzima wa tatu, ule ule; kumbe kanda ilikuwa imerudishwa nyuma nusu, ikasimama mwanzoni mwake.

Baba aliporudi aliuliza, "Iko safi?" Nikamwinulia dole gumba.

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kufuta. Kufuta nilikosea. Lile dole gumba sikukosea. Yeye hawezi kusikia, angeifunga akaituma, na watu wote wangesema fundi kazeeka, kaharibu sauti ya dada yake. Nilijaribu pia kuweka kiraka. Nilichukua ubeti wa pili kwa kompyuta nikaubandika kwenye pengo. Ulikaa vizuri hata haujulikani. Ukawa wimbo mzuri tu, kama nyimbo nyingi. Nikaufuta na huo.

Naacha hapa. Mama ananiita kwenye vyombo.

Jumatatu jioni

Nimemwambia.

Jambo kama hili mtu hulisema kwa sauti ya chini, ameinamisha kichwa. Kwa Baba haiwezekani. Ilibidi nilipige kelele. Nilisimama karibu na sikio lake la kulia, lile lenye nafuu, nikasema: "BABA, NIMEMFUTA SHANGAZI! UBETI WA TATU!" Cherehani ya mlango wa pili ikanyamaza papo hapo.

Baba hakunitazama. Aliweka kanda, akaitembeza hadi pale. Alitazama mishale. Sauti yako, Shangazi, inaupandisha mshale hadi kwenye wekundu na kuuacha unatetemeka huko. Ilipofika zamu yangu ukalala kama mgonjwa.

"Hapa ni wewe?"

"NDIYO."

"Mbona haunyanyuki?"

"NILIIMBA POLEPOLE. NISISIKIKE."

"Na nani? Na mimi?"

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Alizima, akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Kisha akasema, "Na lile dole gumba lilikuwa la nini?" Nilitikisa kichwa tu. Akasema, "Kanda nitasamehe. Hilo dole usinifanyie tena. Sina masikio mengine." Akasema kwa upole, Shangazi, heri angenichapa. Nikamwahidi, kwa kelele.

Kisha akasema, "Haya, imba nisikie."

Pale pale, mchana, mlango wazi. Nilimwimbia ndani ya sikio, kwa nguvu zangu zote, sauti ikipasuka. Aliweka kiganja mgongoni kwangu kama anavyoweka kwenye spika. Mara mbili alinisimamisha: "Hapana. Hapo alipanda." Nikarudia. Nilipofika mwisho hakusema ni vizuri, maana haikuwa vizuri. Alisema, "Sasa umesikia alikokuwa." Fundi cherehani akaita kutoka kwake, "Mtoto ana mapafu huyo!" Baba akaniuliza amesema nini. Nikamwambia hakuna kitu. Hapo nikakumbuka ahadi yangu ya dakika tano zilizopita, nikamwambia alichosema.

Kiraka amekataa. Amesema utumiwe kilichopo, na palipo na shimo nikuandikie kilichokuwepo, kwa kuwa masikio ya mwisho kuusikia ubeti huo vizuri ni yangu. Nakuandikia, basi.

Beti mbili za kwanza unazo, mkifuatana wewe na gitaa kama watu wawili njiani. Mwanzoni mwa ubeti wa tatu uzi wa gitaa ulikatika. Ulisikika kabisa, ukalia mara moja kama waya wa kuanikia nguo. Baba anasema moyo wake ulisimama, akajua basi, amekuharibia, na kanda ilikuwa moja tu. Mkono wake ukatulia. Kukawa kimya. Ndani ya kimya kile ulivuta pumzi, ndefu, bila haraka, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha ukaendelea peke yako. Hukuongeza sauti. Uliipunguza, halafu ukapanda, ukapanda tena pale ambapo mimi nilidhani hakuna ngazi, na ukakaa huko. Hukutetemeka. Kwa mbali mtu mmoja alisogeza kiti, akaacha. Uliposhuka, ulishuka neno kwa neno, na Baba akakupokea na nyuzi tano zilizobaki. Ndivyo ilivyokuwa. Mama ni shahidi, fundi cherehani ni shahidi.

Nisalimie Mjomba, mume wako, na umwambie magazeti aliyotuma yamefika. Msalimie binamu yangu Mrefu, na Bibi Miwani wa hapo jirani anayekupikia uji. Mama anakusalimu kwa mapenzi mengi, amelala. Baba anasema atakuandikia mwenyewe, usimsubiri sana. Mungu akuponye, akurudishie nguvu kidogo kidogo, na asikunyime usingizi.

Kanda iko ndani ya bahasha hii. Kaa mahali penye utulivu, maana mara ya kwanza huipati tena. Ukifika pale sauti yako inapokatika na kuingia ya mtoto anayeogopa, usizime, hata kama umekasirika, na una haki. Hesabu pole pole mpaka themanini. Unarudi.

Mimi mtoto wa kaka yako, mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Kidole