Unga wa Muhogo Juu ya Reli

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Wakhisi,

Mulembe, Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Mama, na kwamba goti lako la kushoto limepunguza hasira tangu mvua zilipokatika. Mama naye vipi, bado anagombana na kuku wa jirani juu ya dagaa zake za omena? Mwambie mimi ni mzima na ninakula. Mwanangu Sheryl yuko darasa la tano sasa, anasoma Kiingereza kama maji, nami nikimsikia huwa naingiwa na baridi. Nitakueleza kwa nini.

Kabla sijaendelea nina ombi. Barua hii usimpe Wechuli akusomee. Najua macho yako huchoka na ndugu yangu husoma haraka, lakini nimeandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na mistari nimeiachanisha. Vaa miwani, keti mlangoni penye mwanga, usome mwenyewe, hata ikikuchukua siku mbili. Dolphine anayekuletea ataikabidhi mkononi mwako tu, nimemwapisha.

Wechuli alinipigia simu Jumatano. Alisema Bwana Khaemba amekueleza habari zangu, nawe umesema niombe msamaha, nitie sahihi, yaishe. Akaniambia umetumia methali yako ile, kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Baba, nakuheshimu, lakini mkono huu siubusu. Najua ni Bwana Khaemba aliyenipatia kazi hii ya kukagua njia ya reli kwa sababu mliimba pamoja kwaya. Sijasahau, namshukuru kila siku. Lakini alinipa kazi, hakuununua ulimi wangu. Na kwa kuwa umesikia upande wake, sasa usikie wangu.

Mwezi uliopita kampuni yetu iliyopewa kazi ya kutunza njia ililetewa mashine. Ni kigari kidogo kinachosukumwa juu ya reli. Kinapeleka sauti ndani ya chuma, kisha tableti inaonyesha rangi. Kijani maana yake reli ni nzima, nyekundu ni mbovu. Mimi sikidharau kigari hicho. Kimeona nyufa mbili ambazo nyundo yangu isingezijua mpaka Yesu arudi. Ila fundi wake mwenyewe aliniambia kwamba kwenye viungo, pale reli mbili zinapofungwa pamoja kwa vyuma na nati, huwa hakioni vizuri. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema mabaya ya mama mkwe.

Alhamisi ya juma lililotangulia nilipita na nyundo yako uliyoniachia ulipoacha kazi ya reli, mbele kidogo ya Kibos, kwenye kidaraja cha mashamba ya miwa. Sauti ile unaijua. Reli nzima hulia ikaendelea kulia. Hii ilisema tap, ikanyamaza. Nikagonga tena, tap. Basi nikafanya kama ulivyonifundisha wewe, na kama mlivyogundua wewe na rafiki yako Mzee Ondiek siku zile chokaa ya karakana ya kuonyeshea nyufa ilipokwisha na wakubwa wakakataa kuleta nyingine. Nikapaka mafuta ya taa kwenye kiungo, nikanywa chai yangu hadi yakaingia. Nikayapangusa kwa kitambaa hadi pakakauka. Kisha nikanyunyiza unga wa muhogo, ule mlaini Mama aliopepeta kwa ajili ya wageni. Asinikasirikie, wageni walikula mchele.

Mstari ukajitokeza, mwembamba, wa rangi ya chai ya rangi, ukitoka chini ya chuma cha kuungia. Urefu wake ulikuwa kama kidole changu cha kati. Nilikaa pale nikiutazama, na nakwambia ukweli, nilifurahi, halafu nikaogopa.

Bwana Khaemba, kama msimamizi wangu, nilimwita aje aone. Alicheka, akauliza kama nilitaka kuisongea reli ugali. Akafungua tableti, akanionyesha kijani, akaniambia niandike kwamba njia ni salama. Nikaandika kwamba kuna ufa na treni isipite. Karatasi yangu akaiweka kwenye droo, akaifunga.

Treni ya abiria kutoka Nairobi ilikuwa inafika Jumamosi asubuhi. Kulipopambazuka nilikuwa nimesimama mbele ya kidaraja kile na bendera nyekundu. Ikasimama. Dereva akateremka na matusi ya lugha tatu. Abiria wakateremka na mizigo yao, watoto wakilia, na mama mmoja akaniuliza kama nina wazimu au nimetumwa. Wakaleta kigari, kikasema kijani. Ikaamriwa treni ipite polepole, nayo ikapita, Baba. Haikuanguka. Hakuna hata nati iliyolegea. Hiyo ndiyo aibu yangu, na siifichi. Tangu siku hiyo wenzangu kazini wananiita Mama Ugali, nami naitika.

Sasa sikia ambalo Bwana Khaemba hakukwambia. Jumanne iliyofuata, bila neno kwa mtu yeyote, waliikata reli ile wakaweka nyingine. Jumatano nilikwenda mahali wanapotupa vyuma vikuukuu, nikakitafuta kile kipande mpaka nikakipata. Kwa kuwa sasa hakikuwa na kile chuma cha kuungia, kila kitu kilikuwa wazi. Ufa umetoka kwenye tundu la nati ukashuka karibu hadi chini, na kutu ndani yake ni ya siku nyingi. Nimekipiga picha kwa simu, nikiwa nimeweka kidole changu juu yake. Walijua. Walibadilisha reli, na bado wanataka nitie sahihi karatasi inayosema nilisimamisha treni bila sababu, ili mashine yao isiwe na doa. Nisipotia, Alhamisi hii saa nne asubuhi kuna kikao, na Alhamisi hiyohiyo sina kazi.

Umeniuliza kupitia Wechuli nina kiburi cha nani. Si kiburi, Baba. Mimi nimeshashiriki katika karatasi ya namna hii mara moja, na sitarudia.

Unakumbuka mwaka ule mabehewa ya ngano yalipoacha reli yakalala ubavu, tukiwa tunakaa nyumba za reli. Mzee Ondiek alikuwa ameuona ufa siku tatu kabla, akamwambia nyapara, nawe ulikuwepo ukisikia. Halafu jioni moja karani alikuja nyumbani na karatasi ya Kiingereza. Wewe ulikuwa unanawa uani. Alinikuta mimi mlangoni, nina miaka kumi na mmoja, nikisoma Kiingereza kama Sheryl sasa. Akaniambia nimsomee baba, na kwamba asiyetia sahihi atahama nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Mtihani wangu ulikuwa mwezi uleule.

Uliponiuliza inasema nini, nilikwambia inasema kwamba siku ile ulikuwa kazini na hukuumia. Ulifurahi, ukasema angalau wametukumbuka. Ukatia sahihi yako ile yenye mkia mrefu.

Haikusema hivyo, Baba. Ilisema wewe ni shahidi kwamba Ondiek hakumwambia nyapara wala mtu mwingine habari yoyote ya ufa. Kila neno nilikuwa nalijua. Nilikudanganya kwa sababu nilijua ukiusikia ukweli hungetia sahihi, nami nilitaka nyumba na mtihani. Mzee Ondiek akafukuzwa kwa karatasi hiyo, akahama na watoto wake kwa mkokoteni, na alipokupita njiani hakukusalimu. Miaka ishirini na mitano umekuwa ukisema urafiki ule uliisha bila sababu, ukiniuliza hata mimi ulimkosea nini. Na mimi nakutengea chakula, nanyamaza.

Wewe hukumkosea. Nilimkosea mimi, kwa mkono wako.

Jana nilikwenda Kombewa, nikamkuta Mzee Ondiek amekaa nyuma ya nyumba anatengeneza jembe. Amezeeka, lakini alinijua kabla sijajitaja, akaniita nyar Wakhisi, binti wa Wakhisi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana niliona haya kukaa. Aliniomba nirudie yale niliyokusomea wewe jioni ile. Nikarudia. Akasema, kwa hiyo Wakhisi hakujua. Akalisema mara tatu, akaweka jembe chini. Kisha akasema amemnyima mtu salamu miaka yote hiyo, na mtu mwenyewe hajui ni kwa nini.

Usidhani alinikumbatia. Aliniambia wazi kwamba watoto wake wawili waliacha shule kwa sababu ya karatasi ile, na kwamba kunisamehe mimi ni shauri lake, na hana haraka. Nikamwambia ana haki. Nilipokuwa naaga ndipo akaniuliza kama ni kweli ule unga bado unafanya kazi. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama sana, akasema Alhamisi atakuja.

Wewe nawe njoo, Baba. Kama baada ya kusoma haya hutaki kuniona, njoo kwa ajili yake. Kikao ni saa nne, ofisi ziko karibu na stesheni, mlango wa pili. Bwana Khaemba atakuwepo, wakubwa zake watakuwepo, na karatasi yao itakuwepo mezani, ya Kiingereza kama ile. Nitaisoma kwa sauti mbele yako na mbele ya Mzee Ondiek, neno kwa neno, na kila neno nitalitia Kiswahili chake halisi. Nikimaliza nitairudisha mezani bila sahihi.

Msalimie Mama, umwambie anisamehe ule unga na, akiweza, akupe mwingine uje nao, uliopepetwa vizuri. Wechuli msalimie pia, mwambie barua hii haikuwa yake. Sheryl anawabusu wote. Mungu akuangalie njiani na goti lako.

Mimi binti yako, niliyekusomea vibaya,

Agneta Nakhungu